Hongo ya Njiani

Ndugu msomaji, mtu akiishi muda mrefu katika mji mmoja huyajua maswali ya mji huo kama azijuavyo njia zake. Hapa Tabora liko swali moja ambalo hurudi barazani kama maembe yarudivyo kila msimu: "Safari hii watatuletea nani?" Nimelisikia mbele ya birika la kahawa mtaani kwetu Isevya, nimelisikia ndani ya behewa la daraja la tatu tukielekea Kigoma, na nimelisikia hata msibani, mara tu baada ya watu kurudi makaburini. Halihitaji kufafanuliwa. Wanaoleta ni Chama Cha Mapinduzi, na anayeletwa ni mgombea wa urais.

Kwa miaka mingi nami niliuliza hivyo hivyo bila kujisikiliza. Siku hizi neno hilo "kuletewa" hunikera. Anayeletewa ni mgeni aliyekaa mkekani akisubiri sahani. Mwenye nyumba haletewi; yeye hukijua kilichomo chunguni tangu asubuhi. Sasa sisi tumekuwaje wageni katika jambo hili, na tulianza lini? Nataka kulieleza kwa kadiri nilivyoliona, pamoja na sehemu yangu mwenyewe ambayo sijapata kuiandika mahali popote, kwa sababu ni ya aibu.

Mimi nilizaliwa mwaka 1949, nikafundisha shule za msingi hadi nilipostaafu mwaka 2009. Kura yangu ya kwanza niliipiga mwaka 1970. Kwa ubunge tulikuwa na wagombea wawili wa chama kimoja, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, nasi tukabishana hadi usiku wa manane juu ya jembe na nyumba. Kwa urais jina lilikuwa moja tu, la Mwalimu Julius Nyerere, na kazi yetu ilikuwa kusema Ndiyo au Hapana. Nilisema Ndiyo, wala sijutii. Lakini naona sasa kwamba kizazi chetu kilijifunza kumpima mbunge, kikamwacha rais bila kumpima. Mwaka 1985 tukaambiwa jina ni la Ali Hassan Mwinyi, tukasema Ndiyo tena. Mambo yakaenda hivyo hadi vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na mwaka 1995 tukatakiwa ghafla kupima watu ilhali mizani hatukuwa nayo.

Mwaka huo kaka yangu mkubwa alikuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Taifa wa CCM kutoka mkoa wetu. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na pengine ndiyo maana watu walimwamini. Kabla ya safari ya Dodoma nyumba yake haikukaukiwa wageni. Kila aliyeingia na kusema "Shikamoo Mzee" alikuwa na jina moja mfukoni. Mimi nilikaa pembeni nikisikiliza jinsi watu wanavyopima. Mmoja alisema yule ni kijana mno, ngoja akomae. Wa pili akasema huyu amezeekea serikalini, atatuletea yale yale. Wa tatu alipima dini, akahesabu zamu kama watoto wanaogawana muwa. Wa nne alipima kabila na njia ya reli: huyu wa kwao ni mbali, hatatukumbuka. Alikuwapo mzee mmoja tu, mpokea mizigo wa zamani pale stesheni, aliyeuliza swali la tano: "Alikopewa kazi huko nyuma, alifanya nini?" Wengine wakamjibu haraka haraka, wakarudi kwenye dini na kabila.

Mei Mosi ya mwaka huo Mwalimu Nyerere, aliyekuwa ameng'atuka miaka kumi nyuma, alizungumza pale Mbeya juu ya sifa za mtu anayefaa kuongoza. Alituonya dhidi ya rushwa, udini na ukabila, na akatukumbusha kwamba Ikulu si mahali pa mtu kukimbilia kwa tamaa. Tulisikiliza nyumbani kwa kaka. Hotuba ilipokwisha alizima redio, akafuta vumbi la mbao mikononi, akasema neno moja tu: "Mizani hiyo."

Mwezi Julai tuliifuata Dodoma kwa redio yenye betri tulizokuwa tumezianika juani ili zipate nguvu ya siku mbili zaidi. Majina yalichujwa yakabaki matatu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Katika duru ya kwanza Kikwete alipata kura 534, Mkapa 459 na Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, walirudia wale wawili wa juu, na Mkapa akashinda kwa kura 686 dhidi ya 639. Tofauti ni kura 47. Behewa moja la daraja la tatu hubeba watu zaidi ya hao. Uchaguzi wa nchi nzima ulipofika baadaye mwaka huo, mamilioni tulipanga foleni, na Mkapa akapata karibu asilimia 62 akimshinda Augustine Mrema aliyekuwa amehamia NCCR-Mageuzi. Naye mwenyeji wa mkoa wetu, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, alipata kama asilimia 6. Nilipokaa nikafikiri niliona kwamba watu wale 47 wa Dodoma walikuwa wamefanya kazi kubwa kuliko sisi wote tuliosimama juani.

Kaka aliporudi nilimwuliza alimpigia nani. Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Mdogo wangu, kura imewekwa siri ili mtu aweze kusema kweli. Nikianza kuitangaza, kesho nitaipiga ile inayopendeza kutangazwa." Nilikasirika kidogo, maana mimi ni ndugu yake. Alikufa mwaka 2003 na kura yake kifuani. Hadi leo sijui kama alikuwa miongoni mwa wale 686 au wale 639. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemnunua, kwa sababu hakuna aliyejua ni bidhaa gani anainunua.

Baba yetu hakuwahi kupata nafasi kama ile. Mwaka 1958, mwezi wa Januari, TANU ilikutana hapa hapa Tabora kuamua kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu au iususie. Sheria ya wakoloni ilimtaka kila mpigakura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena iliweka masharti ya kipato, elimu na cheo cha kazi, hata Waafrika wengi wakabaki nje ya daftari. Baba alikuwa mrina asali. Kwa kipato cha mizinga na darasa mbili za misheni, alikuwa nje. Ilikuwa sheria ya kutukana, na wengi katika mkutano walitaka isusiwe. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma katika mji huu na akafundisha St. Mary's kabla ya kwenda ng'ambo, aliwashawishi wakubali kuingia kwa sababu kususa kungewaachia wengine uwanja. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa akaunda African National Congress. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959, na wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na TANU wakashinda. Mtemvu alipokuja kumkabili Nyerere kwa urais mwaka 1962, hakufikisha asilimia 2 ya kura.

Baba alipenda kusimulia mkutano ule ingawa hakuingia ndani. Alisema walisimama nje, watu wasio na kura, wakisubiri kuambiwa wenye kura wamekusudia nini. Na watu wale wa nje walikuwa na msimamo: wakijua kila mjumbe amesema nini, wakipita barabarani wakimwuliza, "Kwa nini umesema vile?" Yaani hata kabla ya kuwa na karatasi ya kura, walikwishakuwa na mdomo. Mimi nina kadi ya mpigakura na kadi ya chama, na kuna wakati nilivitumia vitu vyote viwili bila mdomo.

Kabla sijafika hapo, niruhusu ndugu msomaji nikupeleke kidogo Kwihara. Ni karibu na mji, kilomita chache tu, mahali lilipo lile tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 baada ya kurudi na Stanley kutoka Ujiji. Stanley alipoondoka mwezi Machi kwenda pwani, mzee yule alibaki akisubiri wapagazi hadi mwezi Agosti. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu kila mwaka, tukipita chini ya miembe ambayo wazee husema ni ya enzi za misafara. Watoto walipenda kusikia habari za Wazungu. Mimi nilipenda kuwaambia habari za babu zao, wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe, nguo na shanga kati ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji, na wakati mwingine walitua mizigo chini na kukataa kuendelea hadi wasikilizwe.

Niliwafundisha pia neno hongo. Watoto walicheka, maana wao hongo waliijua kwa maana ya leo. Katika njia ile, hongo ilikuwa ushuru wa kupita. Msafara ukifika kwenye nchi ya mtemi, hasa kule Ugogo ambako maji ni machache na kisima kina mwenyewe, ulilipa nguo na shanga: doti kadhaa za merikani, za kaniki, za vitambi vya rangi. Watu walibishana siku nzima, wengine siku tatu. Ilitolewa mchana, mbele ya wote, na kila mpagazi alijua msafara umelipa kiasi gani, umemlipa nani na kwa ajili ya nini. Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, ugomvi wake na Waarabu wa Unyanyembe ulikuwa pamoja na mambo mengine juu ya nani ana haki ya njia na biashara yake. Haukuwa utaratibu wa malaika. Wapo waliotozwa kwa uonevu. Lakini lilikuwa jambo la hadharani. Sijui ni siku gani neno lile lile liliingia mvunguni na kuanza kunong'onwa. Nguo ni zile zile: zamani merikani, leo kanga, kofia na fulana. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi apitaye njia humlipa mwenye kisima ili asiulize anakwenda wapi.

Nchi yetu hata ilijaribu kulipatia jambo hilo jina la heshima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu "takrima", yaani ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapigakura. Katika uchaguzi wa 2005 tulikula takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume cha Katiba. Nilifurahi sana kusoma habari hiyo, nikaikata gazetini nikaibandika ukutani darasani. Naitaja furaha yangu ili ujue jinsi nilivyokuwa mtu mwema kabla ya mwaka 2015.

Mwaka 2015 Rais Kikwete alikuwa anamaliza vipindi vyake viwili, na CCM ilihitaji mtu mpya. Haijapata kutokea watu wengi kutia nia namna ile: fomu zilichukuliwa na watu zaidi ya arobaini, wakarudisha 38. Kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 katika mikoa 15, Bara na Visiwani. Kwa hiyo mwezi Juni walipita mikoani kama misafara, na Tabora ni njia panda. Apitaye magharibi sharti atue mizigo hapa. Barazani tukapima hadi kahawa ikatupoa. Wengi walimtaja Edward Lowassa kwa nguvu zake. Wengine walimtaja Samuel Sitta wa Urambo, aliyekuwa Spika kutoka 2005 hadi 2010, kwa kuwa ni wa kwetu na Bunge lake lilikuwa na meno. Waliotajwa ni wengi. John Magufuli, Waziri wa Ujenzi, alitajwa na mtu mmoja tu, dereva wa lori, tena kwa ajili ya mizani ya barabarani.

Asubuhi moja alikuja kwangu kijana niliyemfundisha, mpambe wa mmoja wa watia nia. Sitamtaja mtia nia huyo. Hakushinda, na kosa ninalosimulia ni langu. Kijana alipiga magoti kidogo, "Shikamoo Mwalimu," nami nikamwitikia. Akasema wanahitaji sahihi za wanachama wenye heshima. Nilimwambia ukweli: mtu wake simwamini, nimefuatilia kazi zake, hazinipi moyo. Akatabasamu. "Mwalimu, hatukuombi kura. Tunaomba sahihi tu. Kudhamini si kuchagua." Kisha akaweka bahasha juu ya meza, akasema ni nauli. Nikamwambia nimekaa nyumbani kwangu, nauli ya kwenda wapi? Akasema, "Basi ya mjukuu."

Mjukuu alikuwa amerudishwa shuleni kwa kukosa viatu, na mwezi ule pensheni yangu ilikwisha mapema kuliko kawaida. Sisemi hayo kujitetea, nasema yalivyokuwa. Nilichukua kalamu ile ile niliyosahihishia madaftari kwa karibu miaka arobaini, nikaandika jina langu na namba ya kadi yangu. Ndani ya bahasha mlikuwa na shilingi 10,000.

Binti yangu aliniuliza fedha za viatu zimetoka wapi. Nilimwambia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba, ungeniambia ningekopa." Kisha akaingia jikoni, nami nikabaki na maneno ya kaka kichwani. Yeye aliificha kura yake hata kwa ndugu yake wa tumbo moja ili iwe kweli; mimi niliiweka sahihi yangu hadharani, na haikuwa kweli. Kesho yake nilimtafuta kijana nimrudishie. Nilikuwa nimekopa elfu kumi kwa muuza duka. Alicheka kwa upole, kama watu wanavyomchekea mzee. "Mwalimu, fomu imeshakwenda. Halafu usijali, hata huyo mtu mwenyewe hapiti, sote tunajua." Naam, hata mpambe hakumwamini. Sote wawili tulikuwa tumembeba mtu tusiyemtaka kumfikisha mahali tusipotaka afike, na kila mmoja alipata nauli.

Waama, yaliyofuata unayajua. Mwezi Julai Kamati Kuu ilibakiza majina matano. Lowassa na Sitta hawakuwamo, wala yule niliyemdhamini. Matano yakawa matatu: John Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253 na Migiro 59. Siku chache baadaye Lowassa alihamia Chadema, akagombea kwa tiketi yake akiungwa mkono na vyama vya Ukawa. Profesa Lipumba hakuridhika na ujio huo, akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Mwezi Oktoba Magufuli alishinda kwa asilimia 58, Lowassa akapata karibu 40. Barazani tukabaki tukitazamana. Wiki kadhaa tulikuwa tumepima mizigo ambayo haikuwa ya safari, na ule wa safari hatukuugusa. Mwenye haki ya kutamba alikuwa dereva wa lori peke yake.

Nilijifunza mambo mawili mwaka ule. La kwanza, sisi wa barazani hupima wale wanaotutembelea, na anayetutembelea sana si lazima awe anayefaa sana. Pengine ana mafuta ya gari tu. La pili, mtu anayeamini kwamba jambo limeamuliwa mahali pengine huiuza sehemu yake kwa bei nafuu. Mimi sikuuza kwa sababu ya njaa peke yake. Niliuza kwa sababu nilijiambia: mizani iko Dodoma, mimi hapa nina nini?

Na hilo si uongo mtupu. Katiba yetu inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga jambo hilo mahakamani tangu mwaka 1993, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema kumkataza mgombea binafsi ni kukiuka haki. Katazo hilo halijaondolewa. Basi asiyepita mlango wa chama hafiki kwenye karatasi ya kura. Na katika nchi ambayo chama kimoja kimeshinda kila uchaguzi wa urais, mlango wa chama hicho ndio kisima cha Ugogo. Anayekilinda kisima ndiye anayeamua nani anywe.

Mwaka 2020 Magufuli hakuwa na mshindani ndani ya chama. Alifariki Machi 2021, na Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wake, akaapishwa. Januari 2025 Mkutano Mkuu ulikutana Dodoma ukampitisha yeye peke yake, miezi mingi kabla ya wakati uliozoeleka wa kuchukua fomu. Mwezi Oktoba karatasi ya kura haikuwa na Chadema, na kiongozi wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu akikabiliwa na shtaka la uhaini. Siku ya uchaguzi, tarehe 29, na siku zilizofuata, vurugu zilizuka katika miji kadhaa, watu wakafa, intaneti ikazimwa. Matokeo yalitangazwa kuwa asilimia 97 na zaidi. Mimi ni mzee. Nimeona Ndiyo nyingi maishani. Lakini Ndiyo za mwaka 1970 zilifuatiwa na ngoma barabarani. Hizi zilifuatiwa na simu za watu wakitafutana.

Kwa Katiba ilivyo, Rais Samia hawezi kugombea tena mwaka 2030. Kwa hiyo swali limekwisha kurudi Isevya. Vijana wa bodaboda huegesha pikipiki jioni, wakanunua kahawa na kashata, wakaanza: yule waziri, yule mkuu wa mkoa, yule mtoto wa fulani. Wanapima umri, dini, kabila na sauti. Jioni moja nilishindwa kuvumilia, nikawasimulia habari ya bahasha. Palikuwa kimya. Mmoja wao, ambaye baba yake nilimfundisha kusoma, akaniambia: "Babu, wewe angalau walikuja kukununua. Sisi safari iliyopita hapakuwa na wa kumpima, wala wa kutuuliza."

Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani alistahili kutojibiwa haraka. Yako maneno ya wazee kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, nami nimewasikia wengi wakijifariji nayo kila msimu wa wagombea. Hayanifariji tena. Kuliwa nusu si kupona. Nilimwambia tu yale ya baba yangu: kwamba mwaka 1958 watu wasio na kura walisimama nje ya mkutano, na mjumbe aliyetoka alilazimika kuwaeleza amesema nini. Nikamwambia, mjumbe wa Mkutano Mkuu wa mtaa wako ana nyumba, ana jina, na hunywa kahawa hii hii. Kura yake ni siri, na iwe siri, kama ya kaka. Lakini mizani yake si siri. Mwulize sasa, kabla ya bahasha hazijaanza kusafiri: utampima mtu kwa nini? Naye akikujibu kwa dini au kwa kabila, mwambie mbele ya watu kwamba hapana.

Nami nimeanza kazi yangu. Nimenunua daftari la mistari, kurasa 96, kama yale niliyokuwa nikiyasahihisha. Kila anayetajwa barazani, wa chama chochote, nampa ukurasa. Siandiki anakotoka wala anakosali. Naandika alikabidhiwa nini, mwaka gani, na kilikuwaje alipoondoka. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ikitoka kila mwaka, mjukuu hunisomea kwenye simu sehemu inayomhusu kila mmoja, maana macho yangu yamechoka. Ni mjukuu yule yule wa viatu. Sasa ana kadi yake ya mpigakura. Kurasa nyingi bado ni tupu, na hilo lenyewe limenifundisha, kwa sababu baadhi ya majina yanayotajwa kwa kelele kubwa kabisa hayana hata mstari mmoja.

Ukurasa wa kwanza nimeuandika mimi mwenyewe, kwa jina langu kamili: mwaka 2015, alipewa sahihi yake aitunze, akaiuza kwa shilingi 10,000. Mjukuu aliposoma aliniuliza kama nataka aufute. Nikamwambia auache. Mtu anayetaka kupima wengine heri aanze na jiwe analolijua uzito wake.